Vitwitwi Sita, Sijui Wawili

Mwezi wa kumi ukiingia, misitu ya Goweko huwa myekundu. Aliyezoea picha za Ulaya angedhani majani yanakaribia kupukutika, kumbe ndiyo kwanza yanachipua. Mitundu na miyombo haingoji mvua: hutoa majani mapya ardhi ikiwa bado imekauka kabisa, mekundu na ya rangi ya shaba, na wiki chache baadaye yote yamekuwa kijani. Siku hizohizo, kaskazini ya mbali, miti inageuka rangi hizohizo ili ivue majani, wadudu wanatoweka, vinamasi vinaanza kuganda, na ndege waliokuwa wakiishi kwa wadudu hao wanafunga safari. Wengi wanashuka huku kwetu.

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati katika wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Kwa anayetoka Manyoni, ipo baada ya Tura na Nyahua na kabla ya Igalula. Ziwa hakuna. Anayetaka maji mapana ataenda Bwawa la Igombe, karibu na Tabora mjini, au atasafiri magharibi hadi ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye maziwa ya Sagara na Nyamagoma na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Huko yuko korongo-nyangumi, ndege wa kimo cha mtoto wa shule, ambaye watu huvuka bahari kuja kumtazama. Simdharau. Ila ndege wa kimo kile hahitaji ustadi, anahitaji nauli.

Ustadi ninaotaka kuusifu unaonekana zaidi kwenye lambo la ng'ombe. Mwezi wa kumi lambo limenywea, limeacha ukingo mpana wa tope lililotobolewa na kwato, na ndani ya tope hilo mna vijidudu na minyoo. Kwa kitwitwi, kale kandege ka miguu mirefu kanakodonoa pembeni mwa maji, ukubwa wa maji si hoja. Hoja ni upana wa tope. Ndiyo maana ndege aliyeanguliwa mwezi wa sita katika vinamasi vya Finland au Urusi anaweza kukutwa mwezi wa kumi kwenye lambo moja nje ya Goweko, akipishana na mitamba ya Wasukuma.

Niliyekuwa nikimfuata lamboni hapo ni mzee aliyestaafu ubwana miti. Darubini yake ni ya zamani, mkanda wake ulishakatika na mahali pake pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kaunta buku anaiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni uliotoka kwenye kiroba cha mbolea ya tumbaku. Anaandika kwa penseli, maana wino huchuruzika umande ukiugusa. Huwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na akikutana na watu njiani anasalimia "Mwangaluka" na kupita bila kusimama, jambo ambalo Unyamwezini si adabu kamili, lakini wamemzoea.

Kanuni yake ya kwanza ni jua. Asubuhi lazima ukae mashariki ya maji, jua likupige mgongoni na limpige ndege kifuani. Ukikaa upande wa pili, kila ndege ni kivuli cheusi chenye mdomo, na utarudi nyumbani umechoka bure. Kanuni ya pili ni ng'ombe. Vitwitwi humkimbia mtu aliyesimama peke yake akiwaelekea, ila hawajali kundi la ng'ombe wala mchungaji wake. Basi mzee huwasubiri wachungaji, akajichanganya nyuma ya ng'ombe, akatembea kwa mwendo wao, na ng'ombe wakisimama kunywa yeye anachuchumaa palepale. Hanyooshi mkono kuonyesha kitu. Akitaka uangalie mahali anasema kwa sauti ya chini: kulia kwa kisiki, hatua mbili kutoka majini.

Kwanza wanaonekana wale rahisi. Nyange weupe miguuni mwa ng'ombe, kwarara mmoja anayechimba tope kwa mdomo wake wa upinde, na kile kidege cha njano kinachotikisa mkia, ambacho nacho ni mgeni kutoka kaskazini na huwafuata ng'ombe kwa sababu kwato huwatimua wadudu. Hao mzee anawaandika upesi, karibu bila kuinua darubini. Kazi inaanzia kwa vitwitwi.

Wapo watatu wanaomsumbua kila anayeanza. Wote ni wakubwa kuliko shomoro na wadogo kuliko njiwa, wote kahawia mgongoni na weupe tumboni, wote wanatembea ukingoni wakidonoa. Kitabu cha ndege kinachotumiwa sana Afrika Mashariki, cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, kimewachora vizuri. Lakini ndege wa kitabuni ametulia. Wa lambo ana sekunde mbili, halafu anageuka.

"Yule wa kushoto anafanya nini, mwanangu?"

"Anatikisa nyuma, mzee."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Basi huyo amekwisha kujitaja. Mwache. Mtazame mwenzake."

Anayetikisa nyuma bila kupumzika ni yule wanasayansi wanamwita Actitis hypoleucos. Ukipata nafasi ya kumwona ubavuni, weupe wa tumbo umepanda kidogo mbele ya bega, na akiruka huenda chini sana juu ya maji, mabawa yakitetema badala ya kupiga. Wa pili, Tringa glareola, mgongo wake umejaa madoadoa mepesi, miguu imeelekea umanjano, na ana mstari mweupe juu ya jicho unaopita hadi nyuma ya jicho. Huyo hupenda kuwa na wenzake. Wa tatu, Tringa ochropus, ndiye mzee anampenda kuliko wote. Mgongo wake ni mweusi-kijani, mstari wake mweupe unaishia kwenye jicho, na karibu kila mara yuko peke yake, kwenye kona yenye kivuli ambayo wengine hawaitaki. Akishtuka anapaa kwa kupinda huku na huku, kiuno cheupe, chini ya mabawa kweusi, akilia kwa ukali kabla hujajua alikuwa wapi. Kwao kaskazini hatagi chini kama jamaa zake wengi. Hutafuta kiota kikuukuu cha ndege mwingine mtini akataga humo. Ukishalijua hilo unamwelewa kidogo zaidi anapochagua kona ya lambo iliyofunikwa na matawi.

Asubuhi moja mbwa wa wachungaji aliteremka majini na ndege wakainuka. Wawili walipita mbele ya jua, wakazunguka, wakaenda zao upande wa reli. Kijana mmoja mchungaji, aliyekuwa ameanza kuvutiwa na shughuli yetu, akasema ni walewale wa madoadoa.

"Walewale gani? Uliona mgongo?"

"Hapana, babu."

"Uliona chini ya bawa?"

"Jua liliniingia machoni."

"Na mimi vilevile."

Akaandika. Mstari wake niliusoma baadaye: lambo, saa 12:50 asubuhi, upepo kidogo, ng'ombe wengi, mtikisa nyuma 1, madoadoa 6, mweusi 1, sijui 2.

Hapo ndipo heshima yangu ilipo. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye angeweza kukisia na pengine akapatia, alikataa kukisia. Ingekuwa rahisi kuwaita wa madoadoa. Mwezi wa kumi ndio wengi, na hakuna ambaye angembishia. Lakini wale sita nawaamini kwa sababu ya wale wawili. Kuna watu wanaorudi kutoka porini na orodha ndefu isiyo na sijui hata moja, kila kipanga aliyepita juu ya mawingu amepewa jina na ukoo. Orodha hizo mimi sizisomi mara mbili.

Waliotutangulia katika kazi hii walikuwa na njia fupi ya kumaliza ubishi: bunduki. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita Tura na kuingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakati hasa wa ndege hawa kufika. Mwaka 1880 alikuja Mjerumani Richard Böhm, akaishi Kakoma na baadaye Igonda, kusini ya Tabora, akikusanya ndege na kuwapeleka Berlin. Alifariki Katanga mwaka 1884 kabla ya kutimiza miaka 30. Jina lake limebaki kwa keremkerem mmoja na kwa teleka mmoja mwenye mkia mfupi mno, wote wawili walioelezwa kitaalamu mwaka 1882, na hata myombo wenyewe kwa wanasayansi unaitwa Brachystegia boehmii. Emin Pasha, aliyepandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890, naye alikuwa mkusanyaji wa ndege asiyechoka. Mwaka uliofuata Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alieleza kidege kidogo cha kahawia chenye mkia mwembamba kutoka nchi hii, ambacho mojawapo ya majina yake ya Kiingereza limebeba jina la Tabora.

Ndege aliyekufa mkononi hupimwa bawa, huhesabiwa manyoya, hulinganishwa na wenzake kwenye droo. Sitaki kuwabeza wale watu. Bila droo zile hata kitabu cha 2002 kisingeandikika. Ila niseme hivi: masanduku ya ngozi za ndege hayakufika pwani yenyewe. Yalibebwa mabegani. Mara nyingi Wanyamwezi walishika njia ya pwani baada ya mavuno, kiangazi, na kujitahidi kuwahi kurudi mashambani kabla ya mvua. Kwa hiyo wapagazi walikuwa wakirudi nyumbani wakati ndege wa kaskazini wanapita juu ya njia ileile. Miaka yote hiyo ya kulala nje na kusikiliza usiku, sidhani kama hawakujua nani anafika lini. Kwenye lebo za makumbusho jina la mkusanyaji limeandikwa, la mbebaji hakuna.

Ujuzi huo haukufa. Nenda na mrina asali wa Goweko msituni uone anavyomjibu mlembe. Yule ndege humwita mtu, huruka mti hadi mti, hugeuza mlio akikaribia mzinga, na mtu akishatoa asali ndege hupata nta na mabuu. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walithibitisha jambo hili kwa Waborana wa Kenya katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, na mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe, kule Eyasi, huitikia mluzi wa Wahadzabe mara tatu zaidi kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji, na wa Msumbiji naye huitikia zaidi wito wa wenyeji wake. Kila ndege anajua lugha ya kwao. Sasa mtu anayeweza kupambanua milio ya mlembe kwa maana zake, ukimwambia kutazama ndege ni mambo ya Wazungu, atakushangaa.

Mzee naye husikiliza kabla ya kutazama. Makeremkerem wa Ulaya, wenye mgongo wa kahawia na koo la njano, hupita juu sana, na mara nyingi unachopata kwanza ni ule mlio wao laini wa kuviringika unaotoka mbinguni pasipoonekana kitu. Anainua kichwa, anaziba jua kwa kiganja, anangoja. Kundi likitokea anaanza kuhesabu, na kuhesabu kwake ni somo jingine.

Hahesabu mmoja mmoja isipokuwa ni wachache. Anachukua ndege kumi pembeni mwa kundi, anaitazama ile kumi mpaka jicho limeshika ukubwa wake, halafu anaipitisha juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa anashika hamsini kwa mtindo uleule. Akimaliza anarudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikipishana sana anaandika zote mbili na kuweka mstari katikati. Mbayuwayu wakiwa mamia juu ya mpunga uliovunwa, wakipanda na kushuka, kazi hiyo inaumiza macho kweli, na mzee hukubali wazi kwamba kwa mbayuwayu namba yake ni ya makadirio. Anaiandika makadirio. Kwa kweleakwelea hajaribu kabisa. Anasema hao wahesabiwe na mwenye shamba.

Ikifika saa nne anasimamisha kazi. Joto limeanza kutetemesha hewa juu ya tope, miguu ya ndege inaonekana kama inaelea, na rangi haziaminiki tena. Wengine huendelea mpaka mchana. Mzee hufunga kaunta buku.

Mtu anaweza kuuliza faida ya yote haya ni nini, na jibu lipo. Kwa karne nyingi Ulaya haikujua mbayuwayu na korongo wake wanakwenda wapi. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Afrika, na bado alikuwa ameruka nao hadi kwao. Yupo hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Fundi wa mkuki ule hakutajwa popote, lakini kazi yake ilisema zaidi ya vitabu vingi. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwafunga kwenge wa kwao pete za aluminiamu zenye namba na anwani, na tangu hapo ndege mmoja mmoja akaanza kufuatiliwa. Siku hizi kuna vifaa vya setilaiti. Ndivyo vilivyoonyesha jinsi kozi wa Amur, wanaozaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, wanavyovuka Bahari ya Hindi bila kutua na kuingia Afrika Mashariki Novemba na Desemba.

Lakini setilaiti inamfuata ndege mmoja. Haisemi kwenye lambo la Goweko mwaka huu walifika wangapi, wala kama walichelewa, wala kama hawakuja. Hilo linahitaji mtu aliyechuchumaa. Na anayechuchumaa lazima aandike hata siku ya patupu. Kurasa za mzee zina siku nyingi zilizoandikwa "lambo kavu, hakuna", na hizo zina thamani sawa na siku ya vitwitwi mia. Neil na Liz Baker, walioanzisha Atlasi ya Ndege wa Tanzania miaka ya 1980, waliigawa nchi katika miraba ya nusu digrii, takriban kilomita 55 kila upande, na ramani zao zimejengwa kwa kumbukumbu za namna hii hii: nani, wapi, lini. Mraba ulio mbali na hifadhi za watalii hutegemea watu wachache sana.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mambo yanageuka kwa siku moja. Kumbikumbi hutoka ardhini jioni, watoto wanakimbia na mabeseni, na angani kozi, mbayuwayu na teleka wanakula pamoja juu ya vichwa vyao. Chole wa Ulaya, wa samawati mpauko na mkia usio na nyuzi ndefu kama za chole wetu wa hapa, hukaa kwenye nyaya kando ya reli na kushuka akiwa na shabaha. Baada ya hapo madimbwi yanazaliwa kila mahali, vitwitwi wanatawanyika, na lambo halina tena sababu ya kuwakusanya. Kwa hiyo muda wenyewe ni mfupi: katikati ya mwezi wa tisa hadi mvua zitakaposhika Novemba.

Wewe uliye Goweko, Igalula, Nyahua au popote penye lambo, hasa wewe mwalimu, usingoje darubini. Mpe mwanafunzi kaunta buku na penseli, mkae mashariki ya maji kabla ya saa moja asubuhi, na mwandike tarehe, mahali, ndege na idadi. Ndege asiye na jina mpeni maelezo: miguu rangi gani, mkia unafanya nini, analia vipi. Na safu ya sijui iwekwe tangu ukurasa wa kwanza.